Ya kata, ya jina au ya bweni: kuchagua sekondari ya serikali Dodoma

Wifi yangu alipiga simu Jumapili usiku kutoka Dar es Salaam. Kaka amehamishiwa Mtumba, kwenye mji wa Serikali hapa Dodoma, mtoto wao anamaliza kidato cha kwanza, na mwaka mpya unawakuta hapa. "Wifi, niambie basi, shule nzuri ya serikali hapo Dodoma ni ipi?" Nikamuuliza, "Mmepata nyumba wapi?" Akadhani sijamsikia, akarudia swali lake. Na mimi nikarudia langu. Kwa sekondari za kutwa za mji huu, ukishataja mtaa utakaokaa umeshajibu nusu ya swali la shule.

Tangu Serikali ianze kuhamia hapa mwaka 2016, swali hilo nimeulizwa na majirani wapya, na wafanyakazi wenzangu, na hata na mama mmoja tuliyekaa naye kiti kimoja kwenye daladala ya Nkuhungu. Sina cheo chochote cha elimu. Nina watoto watatu tu. Wa kwanza alisoma bweni, wa pili alisoma shule ya kata jirani na nyumbani, wa tatu bado yuko msingi. Katika miaka hiyo nimekaa kwenye vikao vya wazazi vingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, na nimefanya makosa ambayo sitaki mwenzangu ayarudie.

Kwanza tuelewane juu ya neno lenyewe, kuchagua. Mtoto anayetoka shule ya msingi ya serikali hachagui sekondari, anapangiwa. NECTA, yaani Baraza la Mitihani, wakishatoa matokeo, TAMISEMI, ofisi ya Serikali inayosimamia shule hizi, hutangaza nani anakwenda wapi. Wenye alama za juu kabisa huenda shule za vipaji maalumu, nazo ni saba tu nchi nzima: Ilboru, Kibaha, Mzumbe, Tabora Wavulana, Tabora Wasichana, Kilakala na Msalato. Wengine hupelekwa shule za ufundi, wengine bweni za kawaida. Waliobaki, ambao ndio wengi mno, hupangiwa sekondari ya kutwa ya kata yao au ya jirani. Sauti ya mzazi inasikika mahali patatu: pale anapoamua kukaa, pale anapoomba uhamisho, na pale mtoto wa kidato cha nne anapojaza Selform, fomu ya kuchagua masomo na shule za kidato cha tano. Kwa hiyo ninapolinganisha hapa chini, nalinganisha nikiwa na milango hiyo mitatu kichwani. Kumsifia mzazi shule ambayo mtoto wake hawezi kuingia ni kumpotezea muda.

Msalato, basi, niiseme haraka niitoe njiani. Iko kaskazini mwa mji, barabara ya Arusha. Ni ya wasichana, ni ya bweni, na wanaoingia kidato cha kwanza wameshachujwa kutoka nchi nzima. Ukiiweka Msalato kwenye mizani na sekondari ya kutwa ya Mkonze au Hombolo, unalinganisha watoto waliochaguliwa kwa alama na watoto waliopokelewa wote. Matokeo yake mazuri ni ya kweli na walimu wake wanastahili heshima, lakini hayakuambii kama mwanao, ambaye hakupangiwa huko, atafundishwa vizuri zaidi kwenye kata hii au ile. Kama binti yako amepangiwa Msalato, nunua tranka na umpeleke. Kama hakupangiwa, acha kuitumia kama fimbo ya kumchapia.

Wazee wetu hapa wana jina lao jingine la kuhuzunikia: Mazengo. Hii ndiyo iliyokuwa Alliance zamani, ikaja kuitwa kwa jina la Mtemi Mazengo wa Wagogo, na tangu mwaka 2007 majengo yale ni Chuo Kikuu cha St John's. Baba yangu mdogo bado humwambia kila mjukuu asome ili aende Mazengo. Nalitaja hili kwa sababu majina ya shule huishi vichwani mwetu muda mrefu kuliko shule zenyewe, na wazazi wengi bado wanachagua kwa ramani ya miaka ya themanini.

Ya jirani dhidi ya ile ya mjini

Huu ndio ulinganisho unaowahusu wengi, na ndipo nilipoumia, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Sekondari za kutwa za Dodoma mjini ziko za aina mbili machoni pa wazazi. Kuna zile zilizo katikati au karibu na katikati, ambazo majina yake yamezoeleka: Dodoma Sekondari yenyewe, ambayo ina hadi kidato cha sita, kisha Viwandani, Kiwanja cha Ndege, Kikuyu. Halafu kuna zile zilizojengwa kwenye kata kwa nguvu za wananchi na Serikali chini ya MMES, Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari, ulioanza mwaka 2004. Hizo tunaziita shule za kata, na neno hilo mara nyingi hutamkwa kwa kubinua mdomo. Mzazi wa Nala au Mkonze huona akimpatia mtoto nafasi ya mjini amemwokoa.

Binti yangu alipopangiwa shule ya kata, mimi pia nilibinua mdomo. Nikahangaikia uhamisho kwenda shule moja ya katikati ya mji, nikaupata, nikajiona mama hodari. Kilichofuata ni hiki. Mstari wa asubuhi ulikuwa saa moja na robo. Kutoka kwetu ilibidi apande gari moja hadi Sabasaba, kisha gari la pili. Kondakta akiona sare anaangalia pembeni, kwa sababu mwanafunzi analipa shilingi 200 na mtu mzima analipa zaidi ya mara mbili ya hapo. Ili asichelewe alikuwa akiamka saa kumi na moja kasoro. Jioni alifika nyumbani kuna giza, vumbi hadi kwenye kope, akala na kulala juu ya daftari. Fanya hesabu ya nauli peke yake: magari mawili kwenda na mawili kurudi ni shilingi 800 kwa siku. Mwaka wa masomo una siku 194. Hiyo ni shilingi 155,200 kwa mwaka, kwenye elimu tunayosema haina ada. Lakini pesa nilivumilia. Nilichoshindwa kukivumilia ni saa tatu kila siku za mtoto wa miaka kumi na nne kusimama stendi katikati ya watu wazima wasiomjua.

Muhula wa pili nikamrudisha shule ya kata, dakika ishirini kwa miguu. Alama zake hazikushuka. Hisabati ilipanda, kwa kuwa sasa alikuwa na jioni.

Sisemi shule ya karibu hushinda siku zote. Nasema umbali uwekwe wa kwanza kwenye karatasi, kabla ya jina, na upimwe kwa dakika za mtoto na siyo kwa kilomita za gari la baba. Dodoma kuna jambo jingine ambalo mgeni kutoka pwani halijui: makorongo. Wakati wa kiangazi korongo ni njia ya mkato, yenye mchanga mkavu. Kifuku kikianza Desemba, mvua ikinyesha juu huko usikokuona, korongo lile lile linajaa ghafla na watoto wanabaki ng'ambo. Njia ya dakika ishirini mwezi wa Agosti inaweza kuwa ya saa nzima mwezi wa Januari, tena yenye hatari. Uliza wenyeji wa mtaa, siyo dalali.

Sasa, zikiwa shule mbili zinafikika sawasawa, ndipo uende kwenye matokeo. Na hapa wazazi wengi husoma vibaya. Tangu Januari 2023 NECTA waliacha kutangaza shule kumi bora, na mimi nilifurahi, maana ile orodha ilikuwa ya shule ambazo wengi wetu hatuna habari nazo. Ila matokeo ya kila shule bado yapo kwenye tovuti yao, bure, shule kwa shule. Fungua ya kidato cha nne, tafuta jina, soma.

Pointi chache ndizo bora. Daraja la kwanza ni pointi 7 hadi 17, la pili 18 hadi 21, la tatu 22 hadi 25, la nne 26 hadi 33. Usijumlishe madaraja yote manne ukasema shule imefaulisha. Mlango wa kidato cha tano unafungwa kwenye pointi 25, na mtoto anatakiwa awe na angalau C tatu. Mwenye daraja la nne hajapotea, kuna vyuo vya ufundi vya VETA, na kwa mwenye D nne kuna vyuo vya cheti, lakini ukiwa unalinganisha shule mbili hesabu wa la kwanza hadi la tatu, kisha gawanya kwa waliofanya mtihani.

Halafu rudi miaka miwili nyuma utafute matokeo ya kidato cha pili ya watoto wale wale. Hili nililifundishwa na mwalimu mmoja mstaafu na lilinibadilisha macho. Tuseme shule ya kwanza imefanyisha mtihani wa kidato cha nne watoto 90, na 40 wamepata la kwanza hadi la tatu. Shule ya pili imefanyisha 210, na 70 wamepata hivyo. Kwa asilimia ya kwanza iko mbele. Ila ukirudi kidato cha pili unaona ya kwanza ilikuwa na watoto 150 na ya pili ilikuwa na 220. Ya kwanza imepoteza watoto 60 njiani. Wengine walirudia darasa, wengine walihama, wengine wako machungani au jikoni kwa watu. Shule ya pili imebaki na karibu wote na bado imevusha 70. Mimi mtoto wangu nampeleka ya pili, hasa kama si wa kwanza darasani, kwa sababu mtoto wa katikati ndiye anayedondoka kimya kimya.

Shuka chini ya ukurasa huo huo kuna jedwali la masomo. Tazama mstari wa Fizikia, uone wangapi walifanya. Kuanzia kidato cha tatu mtoto anaruhusiwa kuiacha Fizikia na Kemia. Shule yenye watahiniwa 180 ambayo Fizikia imefanywa na 12 inakuambia jambo ambalo mkuu wa shule hatakuambia ofisini: mwalimu wa Fizikia hayupo, au yuko mmoja anayegawanywa vidato vyote, au maabara ipo jengo tu. Maabara zenyewe zilijengwa kwa wingi baada ya agizo la Rais Kikwete, tukachangishwa sote mwaka 2014, kwa hiyo jengo utalikuta karibu kila kata. Kilichomo ndani ndicho cha kuuliza.

Binti yangu alikosa mwalimu wa Fizikia kwa mwaka mmoja na nusu. Wazazi tulikubaliana kwenye kikao tukachanga, akapatikana kijana wa kujitolea aliyemaliza chuo anasubiri ajira. Alifundisha vizuri, akapata ajira mkoa mwingine, akaondoka. Binti alitaka tahasusi, yaani mchepuo wa masomo matatu ya kidato cha tano, ya PCB: Fizikia, Kemia na Biolojia. Kwa D ya Fizikia akaishia CBG: Kemia, Biolojia na Jiografia. Amesoma, na maisha yanaendelea, lakini najua pale ndipo njia yake ilipopinda, na ningeweza kuliona jambo lile miaka miwili mapema kama ningesoma mstari mmoja wa jedwali.

Hisabati usishtuke sana. Ni somo ambalo watahiniwa wengi hulifeli nchi nzima mwaka baada ya mwaka. Linganisha shule mbili za mtaa mmoja, usilinganishe na ndoto.

Baada ya hapo nenda ukaione shule. Usiende siku ya mahafali, kila shule ni nzuri siku ya mahafali. Nenda Jumanne ya kawaida saa tano asubuhi. Sikiliza kama madarasa yana sauti ya mwalimu au ya watoto peke yao. Tazama kama jikoni kuna moshi, maana shule za kutwa chakula cha mchana kinategemea wazazi walivyokubaliana kutoa mahindi, maharage na pesa ya mpishi, na mahali wazazi walipokataa watoto hushinda na njaa hadi saa tisa na nusu. Ukiwa na binti, omba kuonyeshwa choo cha wasichana na uliza kama kina maji. Mkuu wa shule mwenye kujali hatakasirika. Mmoja aliniambia, "Mama, wewe ni wa tatu kuuliza hilo tangu nije hapa, karibu sana."

Kutwa au bweni

Wazazi tuliosoma zamani tunaamini bweni kama dawa. Tulilala huko, tukatoka watu. Kijana wangu wa kwanza alipopangiwa bweni nje ya mkoa tulichinja mbuzi.

Faida ni za kweli. Ada haipo tangu Januari 2016 kwa kidato cha kwanza hadi cha nne, na kuanzia mwaka wa fedha 2022/23 hata kwa cha tano na sita. Chakula cha bweni hulipiwa na Serikali. Mtoto ana saa za kujisomea usiku na taa, ana wenzake, hachoti maji kwa mama na hatumwi sokoni Majengo mtihani ukiwa kesho. Kwa binti anayetoka kijiji cha Bahi au Chemba ambako shule iko mbali, bweni ni jambo la usalama kuliko la masomo. Njia mbadala ni kupanga chumba mtaani, yeye na rafiki yake, miaka kumi na tano, bila mtu mzima. Nimewaona mabinti hao. Kati ya chumba cha kupanga na bweni, au hosteli iliyojengwa na wazazi karibu na shule ya kata, hakuna cha kulinganisha. Chukua bweni. Chukua hosteli hata kama ina michango ya mwezi na godoro ni lako.

Kwa mtoto ambaye nyumba yao iko dakika ishirini kutoka shule ya kutwa inayofundisha, mimi leo ningesita. Gharama ya kuanza bweni ni nzito kuliko watu wanavyodhani: godoro, shuka, tranka, ndoo, jembe au fyekeo, rimu ya karatasi, sare mbili, viatu, nauli za likizo ya Juni na ya Desemba. Halafu kuna maji. Katika nyanda hizi kavu, ambako mvua hunyesha miezi minne au mitano na baadaye ni upepo tu, swali la kwanza kuhusu bweni lolote la Kanda ya Kati liwe juu ya kisima. Kijana wangu kidato cha tatu aliugua homa ya matumbo. Walikuwa wakichota maji mahali ambapo ng'ombe nao wanakunywa, kwa sababu pampu ya shule ilikuwa imekufa tangu Septemba. Nilipata habari siku ya nane. Mtoto wa kutwa ukimgusa paji la uso jioni unajua.

Na kuna tabia ya mtoto mwenyewe. Kijana wangu alikuwa mkimya, asiyeomba msaada. Bwenini mtoto wa namna hiyo humezwa. Binti ni msemaji, angeng'ara bweni, naye ndiye aliyebaki nyumbani. Kama ningepewa nafasi ya kurudia ningewabadilisha.

Zilizojengwa juzi

Mji umekua na shule mpya zimeota pamoja nao. Iyumbu, upande wa Chuo Kikuu cha Dodoma, kuna sekondari ya mfano iliyojengwa na Wizara ya Elimu. Kikombo kuna Sekondari ya Wasichana ya Bunge, iliyoanzishwa kwa juhudi za wabunge wanawake. Majengo mazuri, nafasi ya kutosha. Uzuri wa shule mpya ni kwamba bado inajenga jina, na uongozi wa shule inayojenga jina huwa na hamu. Tahadhari yangu ni moja: shule isiyo na miaka mingi ya matokeo haisomeki kwenye jedwali, kwa hiyo hapo uzito wa kuitembelea unakuwa mara mbili. Uliza ina walimu wangapi wa sayansi leo, kwa majina ya masomo yao, siyo wangapi wanatarajiwa.

Kwa watoto wenye mikono inayopenda kazi kuna mkondo wa amali, yaani mafunzo ya ufundi, ulioanza Januari 2024 kwa baadhi ya shule. Mzazi akiniuliza namwambia aende akaione karakana. Isipokuwepo, amali ni neno kwenye kibao.

Kidato cha tano ni hesabu nyingine

Hapo mtoto ana sauti kubwa zaidi. Anajaza Selform kabla ya mtihani wa kidato cha nne, na matokeo yakitoka kuna kipindi cha kubadilisha tahasusi. Mkoani kwetu kuna Msalato na Kondoa Wasichana kwa mabinti, kuna Bihawana upande wa barabara ya Iringa kwa wavulana, kuna Mpwapwa, kuna Dodoma Sekondari. Upangaji ni wa kitaifa, kwa hiyo mtoto wa Chamwino anaweza kujikuta Songea na wa Songea akaja Mpwapwa.

Hapa naushusha umbali cheo. Mtoto wa miaka kumi na minane analala bweni vizuri, na miaka ni miwili tu. Kinachopanda juu ni tahasusi. Anatakiwa pointi za masomo matatu ya tahasusi zijumlike kati ya 3 na 10, bila F. Mtoto mwenye B, C, C ya HGL (Historia, Jiografia na Kiingereza) asilazimishwe PCM (Fizikia, Kemia na Hisabati) ya C, C, D kwa kuwa mjomba ni injinia. Na kwa tahasusi mpya zilizoongezwa mwaka 2024, sasa zimefika 65, mtafute mwalimu wa taaluma akueleze zipi zina walimu katika shule zilizo kwenye orodha. Nilipolinganisha shule mbili za kidato cha tano kwa binti yangu, nilitazama matokeo ya tahasusi yake peke yake. Shule inaweza kuwa moto kwenye HKL (Historia, Kiswahili na Kiingereza) na baridi kwenye sayansi, na wastani wake usikuambie.

Kuhusu uhamisho, kwa ufupi. Unaanzia kwa mkuu wa shule anakotoka mtoto, inatafutwa nafasi anakokwenda, idhini hupita kwa maofisa elimu, na taarifa zake huhamishwa kwenye PReM, mfumo wa kumbukumbu za wanafunzi. Kutoka mkoa hadi mkoa, mikoa yote miwili inahusika, hivyo anza mapema. Nafasi ndiyo kikwazo kikubwa kuliko barua, kwa hiyo nenda mwenyewe ukaulize darasa lina wangapi kabla hujaandika. Usimhamishe mtoto wa kidato cha pili au cha nne akiwa ameshasajiliwa mtihani, utajitafutia usumbufu na yeye atabaki katikati. Wala usimpe mtu pesa ya kukutafutia nafasi.

Kuna jambo moja linalonikosesha usingizi mimi mwenyewe. Mwanangu wa mwisho alikuwa darasa la tatu mwaka 2024, mtaala mpya ulipoanza. Msingi kwao unaishia darasa la sita, mwaka 2027, mwaka ule ule ambao waliowatangulia wanamaliza la saba. Januari 2028 madarasa mawili yataingia kidato cha kwanza kwa pamoja, nchi nzima. Kwa mzazi wa mtoto wa rika hili, ulinganisho wote nilioueleza una kipimo kimoja cha nyongeza: shule ya kata yenu ina eneo la kujenga, na je, wameanza? Ya kwetu ina eneo upande wa nyuma, msingi wa madarasa manne umechimbwa, tofali zipo, saruji inasubiriwa. Kila nikipita natazama kama umepanda. Kwenye kikao cha mwisho tulimuuliza diwani, akajibu. Kikao kijacho tutamuuliza tena.

Wifi wamepata nyumba mbili za kuchagua, zote upande wa Nzuguni, moja ina kisima na bei nafuu, nyingine haina. Mtoto anaingia kidato cha pili, kwa hiyo nimemwambia uhamisho ukamilike Januari, kabla ya usajili wa mtihani. Jumamosi anakuja. Tutaanza na ile isiyo na kisima, tutembee kwa miguu kutoka mlangoni hadi shuleni, mimi, yeye na mtoto, na tutahesabu makorongo.